Mteja Aliyemlea

Sehemu ya Saba

Alibofya.

Nawajibu kwa mkupuo ninyi nyote mlioisumbua simu ya mhariri wiki nzima, mkitaka kujua kama Darubini alibofya au alirudisha mkono. Alibofya. Na yule bwana aliyeandika kwamba mtu mwenye akili timamu asingethubutu, namwambia hivi: saa ile si akili iliyokuwa imekaa mbele ya kompyuta.

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, ngoja nikuweke sawa upesi, maana wenzako hawana subira.

Darubini ni mwanamke wa benki, wa ghorofa ya juu, chumba kisicho na dirisha. Kazi yake ni kuangalia fedha za wateja zinavyoingia na kutoka, anuse zipi ni chafu, zinazopitishwa kwenye akaunti za watu wema ili zitoke zimetakata. Jina la Darubini alipewa na wenzake. Jina lake lingine liko nyumbani, na nyumbani hakuna wa kuliita.

Katika chumba kile majina ya wateja hufichwa. Mtambo ukiona fedha zinatembea kwa namna isiyoeleweka, unatoa namba ya akaunti, kazi ya mwenye akaunti, na tawi lake. Basi. Jina linabaki limefunikwa, ili wafanyakazi wasipate kuchungulia mishahara ya majirani na madeni ya mawifi. Ukitaka kulifunua unaandika sababu, unabofya, na kubofya kwako kunaandikwa, hakufutiki.

Ipo na sheria nyingine ambayo hata mfagizi anaijua. Ukihisi tu kwamba akaunti ni ya ndugu yako, unaondoa mikono mezani na kumwita mkuu wako.

Wiki iliyopita mtambo ulitoa akaunti ya fundi cherehani, mjane, tawi la mtaa aliokulia Darubini. Kwenye mtaa ule fundi cherehani mjane ni mmoja. Mikono ilitakiwa iondoke mezani. Badala yake, kwenye nafasi ya sababu, akaandika "mapitio ya kawaida", akabofya, na jina la dada yake likajitokeza.

Na huyu si dada wa kusema dada tu.

Mama yao alipofariki, dada mtu aliacha shule akakaa kwenye cherehani. Alimwogesha mdogo wake, akamsuka, akamsomesha. Vyeti vyote vya Darubini vimetoka kwenye sindano ya yule mwanamke. Sasa alimkuta kwenye kioo cha kompyuta, ameorodheshwa pamoja na watu wanaoshukiwa.

Fedha zilikuwa zinaingia kwake kwa mafungu, kutoka kwa watu ambao hakuna hata mmoja angeweza kuwa mteja wa kushonewa. Zinalala, kisha zinakwenda nje ya nchi kwa mwanamume mmoja, yule yule siku zote.

Sasa sikilizeni. Anayetuma fedha benki huwa anaruhusiwa kuandika maneno machache ya maelezo. Darubini alizoea kusoma "kodi ya nyumba" na "ada ya mtoto". Hapa alisoma, "Kwa Daktari wangu, ukipata nafuu unipigie." Akashuka chini. "Ya kutolea zawadi zetu forodhani, mume wangu mtarajiwa." Hiyo ilitoka kwa mwalimu mstaafu. Akashuka tena. "Hii ni ya mwisho, nimeuza friji. Nakupenda."

Wanawake wengi, bwana mmoja. Na mapenzi yao yote yalikuwa yanapita kwenye akaunti ya dada yake kabla ya kumfikia huyo Daktari.

Dada naye alikuwa humo. Fedha zake za kushona, zile kidogo kidogo, nazo zilikuwa zinakwenda huko huko.

Darubini alilia. Alilia kimya, kwa sababu mwenzake wa meza ya pili yupo, na katika chumba kile hata machozi huulizwa sababu. Halafu alijifuta, akapiga moyo konde, akaenda kwa mkuu wa kitengo.

Mkuu ni mwanamume wa sauti ya chini. Hata akikufukuza kazi utadhani anakuombea safari njema. Darubini alimwambia kwamba akaunti fulani anahisi ni ya dada yake. Kwamba ameshaifungua, hakusema. Mkuu alimsifu kwa uaminifu, akalikabidhi jalada kwa mwenzake wa meza ya pili, akaamuru fedha zizuiwe na mwenye akaunti aulizwe maswali.

Kisha akamsindikiza mpaka mlangoni na kumkumbusha anachokijua. Mteja anapochunguzwa haambiwi. Akidokezwa, atawahi kuficha mambo, au atamdokeza aliye nyuma yake. Anayedokeza hafukuzwi kazi tu, anafungwa jela.

"Kuanzia leo," alimwambia, "dada yako kwako ni mteja."

Darubini akaitikia. Mtu anaitikia mambo mengi akiwa amesimama mlangoni kwa mkuu wake.

Jumapili alikwenda.

Msinipigie kelele. Najua hakupaswa kwenda. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na kiti kimoja kinachokaliwa na vingine vya kupigwa vumbi. Mume aliondoka zamani, akisema kuishi na mwanamke huyu ni kuishi na kabati lililofungwa. Na kazini, akipita kantini, watu hugeuza mazungumzo wakaanza kuongelea mvua, kwa kuwa kila mmoja anafikiri Darubini ameshaona akaunti yake. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Alikuwa mpweke, na upweke wake ulikuwa sehemu ya ajira.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo jua limetokea wapi?"

Dada mtu alimkumbatia, akamvuta ndani, akamketisha kitandani kama zamani. Chumba ni kile kile, lakini mapazia yalikuwa mapya. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na juu yake, mahali pa nguo za wateja, ilikaa simu. Dada mwenyewe alikuwa amepaka wanja. Darubini hakumbuki ni lini alimwona na wanja tangu shemeji afariki.

Walikunywa chai. Waliongea habari za paa linalovuja na za mama mwenye nyumba asiyejua kupunguza sauti. Kila mmoja alikuwa na jambo lake moja kubwa, na kila mmoja alilikalia.

Darubini alijaribu kupitia njia ya panya. Alisema siku hizi matapeli wamejaa kwenye simu, mtu asikubali kumpokelea mwenzake fedha hata akiombwa kwa machozi. Alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Dada akacheka, akasema yeye ana fedha gani za kutapeliwa.

Simu ikalia. Dada akainyakua, akatoka nayo uani, na kupitia dirishani Darubini akamsikia akiongea kwa sauti asiyoijua, laini, kama ya msichana. Dada aliporudi uso ulikuwa unang'aa, kisha ukafifia.

"Hivi wewe si uko benki?" alisema. "Hela zangu zimezuiwa. Wananipigia na maswali, hela imetoka wapi, inakwenda wapi. Hebu niulizie huko ndani, mdogo wangu."

"Siwezi, dada. Haturuhusiwi kuulizia akaunti ya mteja."

"Ya nani?"

"Ya mteja yeyote."

Dada aliweka kikombe chini. "Kumbe mimi ni mteja."

Neno lile lilimchoma Darubini kuliko tusi, kwa kuwa ndilo alilopewa mlangoni kwa mkuu akalikubali. Alitaka kulifuta. Alitaka kusema neno moja tu la udugu, na hapo ndipo ulimi ulipomponyoka.

"Dada, mwanamume ambaye hata uso wake hujawahi kuuona..."

Alinyamaza, lakini maji yalishamwagika.

"Mwanamume gani?"

Darubini akainamia kikombe chake.

"Mimi nimesema hela," dada alisema taratibu. "Mwanamume sijamtaja. Hapa duniani hakuna mtu niliyemtajia."

Hilo ndilo kosa la watu wa kazi ile, wasomaji wangu. Wanajua mengi kiasi kwamba wanasahau ni lipi wameambiwa na lipi wamelisoma. Mwizi huponzwa na anachobeba mkononi. Hawa huponzwa na wanachobeba kichwani.

Dada hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Ulipovunja ungo nilikutundikia pazia kwenye kona yako," alisema. "Chumba chenyewe hiki hiki. Na kila nikitaka kupita, nilikuwa nabisha hodi kwenye pazia. Unakumbuka? Leo wewe umeingia kwangu bila hodi. Umenikuta uchi, halafu umekaa hapa unakunywa chai."

Darubini alisema anataka kumsaidia. Dada akamuuliza alikuwa wapi na msaada huo miezi yote ambayo simu ilikuwa inaita bila kupokelewa. Darubini akasema kazi. Dada akasimama na kufungua mlango.

Alimsindikiza mpaka kizingitini tu. Kwa kawaida ya nyumba ile, mgeni husindikizwa mpaka barabarani.

Jioni ile dada alimweleza Daktari kila kitu. Na Daktari, msomaji wangu, hakukimbia. Alikasirika kwa niaba yake. Alimwambia siri ya mteja inalindwa na sheria, kwamba ana haki ya kudai aonyeshwe kila aliyefungua akaunti yake, na aende akadai bila kuogopa. Daktari alitaka kujua ni nani anayemchunguza yeye, ndiyo shabaha yake. Lakini mapenzi gani matamu kama ya mtu anayekupigania? Tapeli ndiye aliyemfundisha haki zake, na haki zenyewe zilikuwa za kweli.

Jumatatu dada akaingia benki kwa mlango wa mbele, na gauni lake la kutokea, akadai.

Dai la namna hiyo halikai. Lilipanda ghorofani moja kwa moja mpaka kwa ofisa wa kulinda taarifa za wateja, mwanamke mrefu ambaye benki nzima inamwita Bi Kufuli. Akafungua kumbukumbu. Waliofunua jina la mteja yule walikuwa wawili. Mwenzake wa meza ya pili, kwa amri ya mkuu. Na kabla yake, bila amri ya mtu, Darubini, "mapitio ya kawaida".

Wakaitwa wote kwenye chumba cha kioo. Mkuu, Bi Kufuli, Darubini, na mteja.

Darubini alipomwona dada yake amekaa upande wa pili wa meza, mkoba magotini, alitaka kumwamkia. Hakujua kama mteja huamkiwa. Akakaa.

Bi Kufuli alieleza kwa ufupi. Kosa la kwanza limethibitika, binti huyu amefungua akaunti ya mteja kwa sababu ya uongo. Kwa hilo atahamishwa au ataachishwa, itategemea. La pili halijathibitika, nalo ndilo zito. Kama alichokiona alikwenda kumwambia mteja, basi hapo si suala la benki tena, ni polisi na jela.

Dada mtu aliinua uso. Hilo la jela hakulijua. Daktari hakumwambia.

"Mama," Bi Kufuli alimuuliza, "huyu binti alikudokeza chochote kuhusu akaunti yako?"

"Hapana."

"Mlionana lini mara ya mwisho?"

"Hatuonani."

"Lakini ni ndugu yako?"

Dada alimtazama Darubini. Alimtazama muda mrefu, toka kichwani mpaka kwenye mikono iliyokuwa juu ya meza.

"Ninaye mdogo wangu mmoja," alisema. "Alikuwa akiniambia kila kitu. Huyu simjui."

Sentensi moja, na ilifanya kazi mbili. Ilimtoa Darubini jela, na ilimtoa kwenye ukoo. Nami sitawaficha kwamba nilipofika hapa nilisimama kuandika, nikatembea chumbani kidogo, nikarudi.

Mkuu alishusha pumzi. Alimpenda mfanyakazi wake, kwa namna yake ya sauti ya chini, na sasa aliona mlango wa kumpitisha. Alifunga jalada. Alisema Darubini atapelekwa tawi la mbali kuhesabu sare na kalamu, na jambo liishie hapo.

Lingeishia hapo. Dada alikuwa ameshasimama, anaweka mkoba begani. Kwa ajili ya heshima tu akawaaga, na kwa ajili ya kiburi akaongeza kwamba akaunti yao hana haja nayo tena. Amefungua nyingine, benki ile ya ng'ambo ya barabara. Kule wanatabasamu na hawaulizi maswali. Fedha za rafiki yake zitaanza kuingia huko kesho.

Darubini aliona yote kwa mara moja. Ng'ambo ya barabara hakuna mtu atakayejua yule mwanamke alimsomesha nani. Atakuwa fundi cherehani mwenye fedha chafu, namba tu kwenye kioo cha mgeni. Mgeni huyo atafuata sheria barabara, hatasema neno, na siku moja polisi watabisha hodi kwa dada. Hodi hiyo haitangoja karibu.

Mkuu alimwona anavuta pumzi, akamwinamia.

"Ukifungua mdomo sasa," alimnong'oneza, "sina tena namna ya kukuokoa."

Ameshaokolewa. Ana kazi, ana mshahara, na ana ile nyumba ya kiti kimoja. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, kazi anayoiweza kuliko watu wote. Alimwangalia dada yake akishika kitasa.

"Dada, kaa. Mko wengi."

Huko ndiko kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Bi Kufuli alimwamuru anyamaze. Hakunyamaza. Alimwambia kuhusu mwalimu mstaafu na zawadi zilizokwama forodhani. Alimwambia kuhusu yule anayengoja apigiwe simu mgonjwa akipata nafuu. Alimwambia kuhusu friji. Aliyasema kwa kichwa, neno kwa neno, kama walivyoyaandika, na sauti ikamkatika kwenye neno nakupenda.

Mkuu alikuwa ameshanyanyua simu ya mezani kuita polisi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Darubini hakumjali. Alikuwa anangoja jambo moja tu. Alingoja dada alie, au aanguke, au amzabe kibao amwite mwongo. Chochote kati ya hivyo angekipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kingemaanisha yule bwana amekwisha.

Dada aliachia kitasa. Hakulia.

"Najua," alisema.

Hakuna aliyeelewa, hata Darubini.

"Maneno yao yanaingia kwenye simu yangu, mdogo wangu. Nayasoma yote. Ya friji niliyasoma mara mbili, nikalia, halafu hela nikamtumia." Alikuwa anaongea kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini leo hakuna mboga. "Najua ni mwongo. Najua hata daktari si daktari. Ila asubuhi, nikiamka mle ndani, ndiye peke yake anayeniuliza nimeamkaje."

Darubini alifumba macho. Alikuwa amejipeleka jela ili amwokoe mtu asiyejua kitu, na sasa yule mtu, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi wawili, alikuwa amesema anajua.

Mkuu alirudisha simu mahali pake, taratibu. Hakuwa tena akimtazama Darubini. Alivuta kiti, akakisogeza karibu na mlango, akamwonyesha dada akae.

"Mama," alisema, "hebu rudia hapo."